Maumivu ya Urembo Nayo ni Maumivu



Leo nazungumzia maumivu ambayo wenye nayo hawapendi kuyataja, kwa sababu jibu wanalijua kabla hawajafungua mdomo: "Si umejitakia mwenyewe?" Mtu akianguka na bodaboda akavunjika mguu, majirani huja na uji na machungwa. Mtu akitoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo, simu za pole hazikatiki. Lakini dada aliyekwenda kuchomwa makovu ya chunusi kwa leza, akarudi uso umevimba na macho hayafunguki vizuri, huyo hujifungia chumbani. Akipigiwa simu husema ana malaria. Na kaka aliyekwenda kutibiwa vipele vya ndevu kwa mwanga wa aina hiyo, akatoka kidevu kinawaka, husema kinyozi kamnyoa vibaya.

Nina neno moja tu leo, mengine yote ni maelezo yake. Maumivu ya urembo nayo ni maumivu. Yana chanzo kinachojulikana, yana dawa, yana siku zake za kupanda na za kushuka. Anayeyaonea aibu huyaficha, na akiyaficha hana wa kumwambia kwamba sasa yamepita kiasi. Waswahili walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Si lazima tufike huko kwenye kifo. Kovu la kudumu usoni linatosha kumuumbua mtu.

Tuanze na mashine yenyewe. Leza ni mwanga. Taa ya kawaida hutawanya mwanga wake kila upande, na ndani yake mna rangi nyingi. Mwanga wa leza una rangi moja na unakwenda pamoja, kwa hiyo nguvu yake yote hutua mahali padogo. Leza ya kwanza iliwaka Mei 1960 huko Malibu, California, pale mwanafizikia Theodore Maiman alipokimulika kijiti cha yakuti kwa taa kali. Haikupita miaka mingi daktari wa ngozi Leon Goldman, wa Cincinnati, akawa anaujaribu mwanga huo kwenye ngozi ya binadamu. Shida ya siku zile ilikuwa joto: liliunguza kilichokusudiwa pamoja na majirani zake wasiohusika. Mwaka 1983 madaktari wawili wa Boston, Rox Anderson na John Parrish, walieleza kanuni inayotumika mpaka leo. Kila kitu kwenye ngozi, iwe damu, unywele au rangi, hunywa mwanga wa aina yake. Ukichagua mwanga unaokifaa, ukaupiga kwa muda mfupi mno, kitu hicho huungua kabla joto halijasambaa.

Kwa makovu ya chunusi na mikunjo, mashine inayotumika sana ni leza ya kaboni dayoksaidi. Hii haitafuti rangi, inatafuta maji, na ngozi yetu imejaa maji. Mwanga ukigusa, maji yaliyomo ndani ya chembe hai hugeuka mvuke papo hapo, na chembe yenyewe ikatoweka. Zamani uso mzima ulichunwa kwa namna hiyo, na mgonjwa alikaa na kidonda kibichi wiki nzima, pengine mbili. Mwaka 2004 wataalamu walieleza njia ya kuugawa mwanga katika vitone vingi vidogo sana, na kati ya kitone na kitone ngozi nzima ikaachwa. Mkulima atanielewa haraka: hulimi shamba lote kwa mkupuo, unachimba mashimo ya mbegu, na udongo wa katikati unabaki kama ulivyokuwa. Kwa sababu hiyo kupona kumekuwa kwa siku chache kuliko zamani.

Hapa, msikilizaji, naomba unisikilize vizuri. Mashine haikupi ngozi mpya. Kazi yake ni kukujeruhi kwa kipimo. Ngozi mpya unaitengeneza wewe, kwa damu yako, usingizi wako na chakula chako, baada ya kutoka kliniki. Chembe za pembeni hutambaa zikafunika tundu katika siku za mwanzo. Chini yake nyuzi za kolajeni hufumwa upya kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo siku za kupona zimo ndani ya tiba hiyo, tena ndizo sehemu yake kubwa, ingawa kwenye risiti hazimo.

Je, inauma? Inauma. Matangazo husema "usumbufu kidogo". Wahudumu wengi hukwambia utasikia kama umepigwa na raba bendi. Kwa leza ya kuondoa nywele, maelezo hayo yanakaribia ukweli, ingawa hawakwambii kwamba raba hiyo itakupiga mara mamia, na kidevu hakina pa kukimbilia. Kwa leza ya makovu, kinachosikika ni moto.

Mwili ukisema moto hautanii. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu mna vilango ambavyo hufunguka joto likizidi nyuzi 43 hivi. David Julius wa Marekani alikitambua kilango hicho mwaka 1997 alipokuwa akichunguza kwa nini pilipili inaunguza ulimi, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Ardem Patapoutian. Maana yake ni kwamba kilango kinachopiga kelele ukikata pilipili kichaa kisha ukajifuta jicho ndicho hicho kinachopiga kelele leza ikipita shavuni. Na ngozi ikishajeruhiwa, kemikali za mwili hukilegeza, kikawa kinafunguka hata kwa joto la kawaida la mwili wako mwenyewe. Kwa hiyo usishangae mashine imezimwa saa mbili zilizopita na uso bado unawaka. Hujalegea wala hujadeka. Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi kinaleta nafuu ya kweli, kwa kuwa kinashusha joto pale pale penye kilango.

Chumba chenyewe kikoje? Unafika uso umeoshwa, huna poda wala wanja. Nesi anakupaka krimu ya ganzi, nyeupe na nzito, nawe unasubiri karibu saa nzima mashavu yafe ganzi. Krimu inafutwa. Unafunikwa macho kwa vikinga maalumu, kwa sababu mwanga huo ukiingia jichoni ni balaa. Kisha unasikia mlio, tik, tik, tik, na kila tik ina moto wake. Bomba la hewa baridi linakupulizia, na bado pua inanusa malaika ya usoni yanavyoungua. Wengi huvumilia mashavu vizuri, wakifikiwa juu ya mdomo machozi yakawatoka wenyewe.

Una haki ya kusema "simama". Huhitaji sababu nyingine zaidi ya kwamba unaumia. Maumivu makali yaliyozidi yale uliyoelezwa yanaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza kwamba nguvu ya mashine imepita kiasi cha ngozi yako. Mhudumu anayekwambia "jikaze, dada, uzuri una gharama" ameitupa taarifa aliyokuwa anaihitaji. Mhudumu mwenye kazi yake hupunguza nguvu, hupumzisha, huuliza. Na kabla ya siku hiyo alikuwa ameshajaribu sehemu ndogo, aghalabu karibu na sikio, akasubiri wiki kadhaa kuona ngozi inaitikiaje.

Niongeze tahadhari kuhusu ganzi. Krimu ile ni dawa, na dawa ina kipimo. Februari 2007 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo baada ya vifo vya wanawake wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 25. Walikuwa wakijiandaa kuondolewa nywele kwa leza. Walijipaka krimu kali ya ganzi miguuni, wakajizungushia plastiki juu yake. Dawa ikaingia kwenye damu kwa wingi, wakapata degedege, wakazimia, hawakuamka. Kwa hiyo ganzi ipakwe na anayejua kiasi chake, kwenye eneo lililokusudiwa tu, wala usijipake nyumbani kwa kukisia. Ukianza kusikia masikio yanavuma, ulimi unakufa ganzi, mdomoni pana ladha ya chuma, au kizunguzungu kinakujia, sema hapo hapo, ifutwe na uangaliwe.

Haya, umeshatoka. Sasa ndiyo kazi inaanza.

Jioni ya kwanza uso unawaka na kuvuja majimaji mepesi ya njano. Hayo si usaha. Ni maji ya damu yanayosafisha kidonda. Kwa walio wengi moto ule hupungua usiku huo huo au kesho yake, na paracetamol kwa kiasi alichoandika daktari hutosha. Siku ya pili na ya tatu maumivu yanashuka, uvimbe unapanda. Unaamka kope zimejaa, unajitazama kwenye kioo unakuta mtu mwingine. Kufikia mchana uvimbe unashuka kidogo. Siku ya tatu hadi ya tano ngozi inakuwa nyeusi zaidi, inakwaruza ukiigusa, inabana, inawasha, kisha inabanduka yenyewe vipande vipande. Mwisho wa wiki, kwa leza ya vitone, ngozi kwa kawaida imeshajifunga. Unaweza kutoka, lakini bado ni laini kama iliyozaliwa juzi, na wekundu wake hukaa wiki kadhaa.

Shika kanuni hii moja: maumivu yanayokwenda sawa hushuka ngazi. Leo pungufu ya jana, kesho pungufu ya leo. Yakishuka kisha yakapanda, hiyo si kawaida tena. Nitalirudia jambo hilo baadaye.

Kuhusu kukitunza kidonda, tunayo mazoea ambayo hapa hayatufai. Tumelelewa tukiambiwa kidonda kiachwe kipate hewa, kikauke, kifanye kigaga. Mwaka 1962 mtafiti George Winter, Mwingereza, alichapisha jaribio alilofanya kwa nguruwe: vidonda vidogo alivyovifunika kwa utando ili visikauke vilifunikwa na ngozi mpya karibu mara mbili kwa haraka kuliko vile vilivyoachwa wazi. Sababu yake inaeleweka. Chembe mpya hutambaa juu ya unyevu. Zikikuta kigaga kikavu inazibidi zichimbe njia chini yake. Ndiyo maana ukitoka kwenye leza unaambiwa upake vaselini safi, tabaka linaloonekana, mara kadhaa kwa siku, uso usikauke kamwe katika siku za mwanzo.

Tazama asubuhi moja ya mtu anayepona. Ananawa mikono kwa sabuni kwanza, kabla hajagusa kitu. Maji aliyachemsha usiku, yamepoa kwenye chupa ya chai iliyoachwa wazi. Anachovya shashi safi, anaiweka shavuni, anaacha ilowane na kulainisha magamba ya njano, kisha anaiondoa bila kusugua. Kipande kinachotoka, kitoke. Kinachong'ang'ania anakiacha, hata kama kinamtia hasira. Vaselini anaichota kwa kijiko kisafi, hachovyi kidole kwenye kopo. Mto wake ameutandikia kanga iliyofuliwa, na kila asubuhi anaibadilisha. Analala ameinua kichwa kwa mito miwili ili uvimbe usijae machoni.

Wapo watakaouliza kuhusu udhu. Maji safi yakimwagwa taratibu si adui, adui ni kusugua; ila siku za mwanzo fuata daktari alivyosema, na umuulize sheikh wako kabla ya kwenda kliniki, ili usije ukahangaika alfajiri na uso umevimba. Kwa akina mama wa pwani: singo, liwa, manjano, vyote vipumzike mpaka daktari aruhusu. Ndimu ndiyo kabisa, kwa sababu maji yake yakikutana na jua huunguza hata ngozi nzima, sembuse iliyochunwa juzi. Na kama kuna mtu mwingine wa kusimama kwenye jiko la mkaa wiki hiyo, asimame yeye. Joto na moshi havimtakii mema anayepona.

Sasa nizungumze na sisi wenye ngozi nyeusi, maana vipeperushi vingi vya leza havikuandikwa vikituwazia. Mwaka 1975 daktari Thomas Fitzpatrick wa Harvard alipanga aina za ngozi kwa kuangalia inavyoitikia jua. Mpango wake wa kwanza ulikuwa wa ngozi nyeupe tu. Aina ya tano na ya sita, yaani ngozi ya kahawia iliyokolea na nyeusi, ziliongezwa baadaye. Ndivyo ilivyokuwa kwa mashine pia. Leza ya kuondoa nywele hulenga melanini ya unywele. Kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi kazi ni rahisi. Kwetu melanini imejaa kwenye ngozi yenyewe, na mashine isiyofaa haiwezi kutofautisha unywele na shavu, huunguza vyote. Kwa ngozi zetu wataalamu wengi huchagua leza ya Nd:YAG yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,064, ambayo hupita kwenye rangi ya juu bila kuichoma sana na kwenda chini kwenye shina la unywele. Kwa hiyo ukiingia kliniki, uliza mashine ni ya aina gani. Ukijibiwa "ya kisasa kabisa", hujajibiwa.

Leza ya makovu, kama nilivyosema, hutafuta maji, kwa hiyo hailengi rangi. Balaa lake kwetu huja nyuma. Ngozi nyeusi ikijeruhiwa huwa na tabia ya kumwaga rangi pale penye jeraha. Wiki ya tatu au ya nne, mtu ameshapona, ameshapiga picha, mara anaona mashavu yanageuka meusi mahali palipochomwa. Wengi hudhani wameharibiwa. Mara nyingi ni rangi ya muda, hufifia kwa miezi, ikisaidiwa na dawa za daktari na kinga ya jua. Kinachoiharibu ni papara: mtu akikimbilia krimu ya kung'arisha ya sokoni, doa la muda hugeuka doa la kudumu. Na katika ukoo wenye makovu yanayovimba na kuota nyama, yale yanayoitwa keloidi, daktari aambiwe mapema kabisa. Huenda jawabu sahihi likawa ni kutochoma.

Lipo jambo jingine ambalo karatasi ya maelekezo haikwambii. Imeandikwa, "ukiona wekundu unaongezeka, rudi". Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani mwekundu. Huonekana kama weusi uliokolea, au zambarau iliyofifia, na wakati mwingine hauonekani kabisa. Kwa hiyo tumia mgongo wa mkono: gusa shavu moja na jingine, usikie lipi lina joto. Angalia uvimbe, sikia mbano. Vidole vyako vitakwambia kile ambacho kioo kimeficha.

Na jua. Mwanga wa jua unaozeesha ngozi hupita kwenye kioo, kwa hiyo kiti cha dirishani kwenye daladala si kivuli. Tena kwa ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unaweza kuchochea madoa, ndiyo maana daktari anaweza kukushauri losheni ya kukinga jua yenye rangi ndani yake. Kwa nchi zetu zilizo karibu na Ikweta, kofia pana na mtandio ni sehemu ya dozi. Watu wenye ualbino wanalijua somo hili kuliko sisi wote. Kule Moshi imetengenezwa krimu ya kukinga jua kwa ajili yao, na kwao ni dawa ya kuokoa maisha. Wewe uliyetoka kwenye leza, kwa miezi michache ichukulie hivyo hivyo.

Kuna siri moja watu huificha mbele ya daktari: mkorogo wa kung'arisha ngozi. Aliyeutumia kwa miaka anaweza kuwa na ngozi iliyokonda kwa sababu ya steroidi zilizomo, na ngozi iliyokonda hupona vibaya. Anaogopa kusemwa, anasema hajawahi. Daktari naye anapanga nguvu ya mashine kwa ngozi asiyoijua. Vivyo hivyo kwa aliyekunywa vidonge vikali vya chunusi, na kwa anayetokwa mara kwa mara na vidonda vya homa mdomoni. Vidonda vile huletwa na kirusi cha herpesi ambacho hulala kwenye mishipa ya fahamu na huamshwa na leza; kikiamka kwenye uso mbichi huenea kote. Daktari akijua mapema hukupa dawa ya kukizuia kabla ya siku ya leza. Ni vidonge tu. Ila lazima useme.

Nilisema nitalirudia suala la ngazi. Maumivu yaliyokuwa yakishuka yakianza kupanda siku ya tatu, ya nne au ya tano, nenda ukaonwe siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukiona usaha wa kijani au wenye harufu, homa, baridi ya kutetemeka, malengelenge madogo yaliyojikusanya yenye kuchoma, upande mmoja unaovimba zaidi ya mwingine, au macho yanauma na kuona ukungu. Usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na usipitie dukani kununua tyubu yenye mchanganyiko wa steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki, ile inayouzwa kwa kila kipele. Inaweza kuficha dalili kwa siku mbili huku maambukizi yakiendelea chini.

Na hapa ndipo ile aibu inapotugharimu. Binti ameumia tangu Jumanne. Anaogopa kumwambia mama, maana mama alimkataza. Anaogopa kurudi kliniki, maana walimwambia ni kawaida. Anaogopa hospitali ya serikali, maana anajua nesi atauliza kwa sauti, foleni nzima isikie: "Ulifanya nini usoni?" Ijumaa anapofika, kilichokuwa maambukizi ya kutibika kwa vidonge kimeshachimba kovu jipya. Leza haikumfanya hivyo peke yake. Zile siku tatu za kunyamaza nazo zimo.

Kwa shangazi, mama na dada wakubwa mnaonisikiliza: maswali yenu mnayo na ni halali. Yaahirisheni wiki mbili. Wiki hii mpikieni, mpeni maji, mkagueni uso asubuhi na jioni, kwa sababu mwenye uso hauoni vizuri. Methali ya mtaka uzuri hudhurika tunayo, na bibi zetu waliotoga masikio matundu mengi waliijua. Lakini hakuna bibi aliyemtoga mjukuu akamwacha bila kurudi kesho yake kutazama kama sikio limetunga usaha.

Kwa wahudumu wa afya: anayekuja na jeraha la urembo ni mgonjwa aliyejeruhiwa, basi. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda ambacho tangu miaka ya 1990 kinafundisha madaktari na matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Utaalamu wa kutunza ngozi tunao. Kilichobaki ni mgonjwa apokelewe kwa namna itakayomfanya asije akiwa amechelewa.

Na kwako unayeifikiria leza, sikukatazi. Makovu ya chunusi yanaweza kumnyima mtu raha ya kuinua uso mbele ya wenzake, na tiba hii imewasaidia wengi. Ila hesabu yako ianze mwisho: una siku za kukaa ndani? Una mtu wa kukupikia? Kazini wanakuruhusu? Una pesa ya losheni ya jua ya miezi, na ya kumwona daktari wa ngozi mambo yakienda kombo? Kama bajeti yako inaishia kwenye kulipia mashine, bado haijatosha, subiri ijae.

Kabla hujalala kwenye kile kitanda, uliza nani atashika mashine na amesomea wapi, ni leza gani, na usiku ukizidiwa utampigia nani. Kisha omba karatasi: jina la mashine, nguvu iliyotumika, tarehe, na dawa ulizopakwa. Daktari atakayekuona usiku wa manane ukiwa na uso unaowaka atafanya kazi nusu gizani bila karatasi hiyo. Wakigoma kukuandikia, chukua mkoba wako, uwashukuru, utoke.